Baba, randa na mbao za makovu

Baba alikipokea kile kipande cha mbao kwa mikono miwili, akakigeuza upande wa chini kwanza. Mimi nilitaka atazame juu. Juu ndiko kulikonizungusha madukani wiki tatu: uso wa mti wa mwaloni, yaani oak, wenye rangi ya nyasi kavu, umesuguliwa kwa brashi ya waya hadi nyuzi zake zimesimama, vifundo vimeachwa palepale na nyufa zake zimezibwa kwa kitu cheusi. Alipomaliza huko chini akakigeuza, akapitisha kidole gumba taratibu, kikasimama kwenye mkwaruzo mmoja mrefu.

"Nani kaiumiza hivi?"

Nikamwambia hakuna aliyeiumiza kwa bahati mbaya, inafanywa kiwandani makusudi ili sakafu ionekane imeishi miaka mingi.

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, nimepiga randa miaka arobaini niondoe alama kama hizi. Wewe unazilipia?"

Baba ni seremala. Kiwanda chake, yaani kibanda cha mabati chenye meza mbili na msumeno, kiko Keko, Dar es Salaam, tangu sijazaliwa. Swali lake lilikuwa la haki na sikuwa na jibu la maana siku hiyo. Naandika haya kwa sababu tangu nimalize sebule yangu hapa Goba watu wananiuliza sana kuhusu hizi mbao, na wengi wanauliza rangi na bei tu.

Nianze na kwa nini nilizitaka. Mimi ni muuguzi. Nasimama zamu nzima juu ya sakafu ngumu, na nikifika nyumbani jambo la kwanza ni kuvua viatu. Vigae vya nyumba tuliyopanga Sinza vilikuwa vizuri kwa macho, lakini usiku miguu ilikuwa inaniuma kama bado niko wodini. Nikatamani mbao. Halafu rafiki yangu wa Mbezi akaweka sakafu ya kung'aa, nyeusi kama kahawa. Ukienda kwake saa kumi jioni, jua linapoingia kwa ubavu, unaona kila kitu: mstari wa kiti kilichovutwa, nyayo za mtoto, mchanga mmoja mmoja. Yule dada hakai. Anazungumza na wewe huku anafuta. Nikajiambia sitaki sakafu ya kuilinda. Mtaa wetu ni mchanga mtupu, nina watoto watatu, na mama mkwe akija hukunia nazi popote penye upepo. Nilitaka sakafu ambayo alama mpya ikija itawakuta wenzake.

Madukani zina jina lake la Kiingereza, ila sisi nyumbani tulizizoea kuziita mbao za makovu. Makovu yenyewe si ya aina moja, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Kuna zilizosuguliwa kwa brashi ya waya, kama kile kipande changu. Kuna zilizokwanguliwa kwa mkono au kwa mashine inayoiga mkono, uso unakuwa na mabonde na vilima, ukikanyaga bila viatu unavihisi. Kuna zenye alama za msumeno zinazokata upana wa mbao. Na kuna zilizopigwapigwa na kutobolewa, hata vitundu vidogo vya wadudu vinawekwa ili zifanane na mbao za ghala la zamani la Ulaya.

Hizi za vitundu Baba alizikataa kabla sijamaliza sentensi. "Siku mdudu wa kweli akiingia utamjuaje?" Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Katika mji huu mtu anaamka anakuta unga mwembamba chini ya mguu wa kabati, anajua mbao imebunguliwa, anatafuta dawa mapema. Ukiwa na sakafu yenye vitundu mia vya kutengenezwa, kitundu cha mia na moja utakionea wapi? Nikaziondoa kwenye orodha. Za mabonde nazo nikaziacha baada ya kumwaga kiganja cha mchanga juu ya kipande cha sampuli na kujaribu kukifagia. Mchanga ulikaa mabondeni. Sakafu ya Dar es Salaam ifagike, hilo halina mjadala.

Zikabaki za brashi. Baba akasema hataniunga mkono mpaka aelewe ile brashi inafanya nini, na Jumamosi iliyofuata nikamkuta kibandani ameshaanza. Alikuwa amebana mezani kipande cha mninga na kipande cha paini, na mkononi ana brashi ya waya ya kusugulia kutu kwenye vyuma. Akaanza na mninga, akasugua kufuata nyuzi, mara thelathini hivi. Mninga ulipauka tu na kupata mikwaruzo, hauna ulaini wa kutosha kati ya nyuzi. Akahamia kwenye paini. Hapo nikaona kitu ambacho hakuna muuzaji aliyenionyesha. Paini ina mistari miwili inayopokezana, mmoja laini na mweupe, mmoja mgumu na wa rangi ya asali. Brashi ilipopita, ule mlaini ulitoka kama unga wa sembe ukaangukia kwenye kandambili zake, na ule mgumu ukabaki umesimama, mwembamba, mstari kwa mstari. Akafuta vumbi kwa kiganja. Akarudisha kiganja tena, polepole, huku amefumba macho.

Mwaloni nao uko hivyo: mwanzo wa msimu mti unaota sehemu yenye matundu makubwa, kisha unaota sehemu iliyoshikana, na brashi inakula ile ya kwanza. Ndiyo maana mbao nyingi za brashi ni za mwaloni.

"Hii si kuchakaza," Baba akasema. "Wameondoa nyama wakaacha mfupa." Kisha akaongeza jambo ambalo baadaye lilinisaidia zaidi: kama laini imeshaondolewa, kilichobaki juu ni kigumu, kwa hiyo mkwaruzo mdogo utapita sambamba na mistari na jicho halitauona. Kuanzia siku hiyo hakuniuliza tena kwa nini nalipia makovu. Akaanza kuuliza kuhusu tumbo la mbao.

Na tumbo ndilo lenye kazi. Mbao ninazozungumzia si gogo lililopasuliwa likawa ubao mmoja mzima. Juu kuna uso wa mwaloni halisi, chini yake kuna tabaka zilizogundishwa, kila moja nyuzi zake zikikatiza za mwenzake, kama plaiwudi. Mbao nzima ikinyonya unyevu hupanuka upana, na ikikauka hunywea. Tabaka zinazokatizana zinashikana zisiende mbali. Kwa mji ulio kando ya bahari hilo ni jambo kubwa. Kipima unyevu changu kidogo, nilichokitundika sebuleni mwezi wa nne, kilikuwa kinasoma asilimia 78 hadi 84 madirisha yakiwa wazi. Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi ilitaka hewa ya chumba iwe kati ya asilimia 45 na 65. Nawaambia wazi: nyumba ya nyavu na upepo kama yetu, isiyo na kiyoyozi sebuleni, inakaa nje ya kipimo hicho miezi mingi, na dhamana ya kiwanda inashikamana na kipimo hicho. Nilinunua nikijua. Ninyi pia mnunue mkijua.

Uso wa juu upimwe kwa milimita. Nilionyeshwa mbao zenye uso usiofika hata milimita moja, huo ukipigwa msasa unaisha, unakutana na plaiwudi. Za milimita 2 zinavumilia msasa mara moja kwa mtu mwenye mkono mwepesi. Nilichukua za milimita 4 katika unene wote wa milimita 15. Ila Baba alinikumbusha kwamba sakafu ya makovu ukiipiga msasa, makovu yanaondoka pamoja na uchafu, inabidi uyarudishe kwa brashi upya. Kwa hiyo nikachagua iliyopakwa mafuta ya nta badala ya vanishi ngumu ya kiwandani. Vanishi inakaa muda mrefu bila kuguswa, lakini ikichubuka, kiraka kinaonekana. Mafuta yanataka kuongezwa kila baada ya muda kwenye njia za kupita watu, na ubao mmoja ukiumia unautibu huohuo mmoja.

Kuna duka ambalo kila kitu ukutani kiliitwa mbao, na nusu yake ilikuwa picha. Namaanisha picha kweli, karatasi iliyochapishwa nyuzi na vifundo, ikabandikwa juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa, hata makovu yake yamechapishwa. Ni bidhaa halali na ina bei yake, ila si hii. Baba alinifundisha kuitambua bila kuuliza: tazama ncha ya ubao, fuata mstari mmoja kutoka juu. Mbao halisi mstari unashuka pembeni. Picha unakatika ukingoni kama umekatwa kwa wembe. Kisha fungua maboksi mawili utafute kifundo kinachofanana na pacha wake. Mti haurudii kifundo.

Nilifanya na jaribio la ndoo. Sampuli tatu, nikazitumbukiza kwenye maji jioni nikazitoa kesho yake nikirudi kazini. Ile ya unga ulioshindiliwa ilikuwa imevimba kingoni kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ya plaiwudi ya kwanza ilianza kuachia kona moja. Ya pili ilibaki na tabaka zake zote, na ndiyo niliyonunua.

Sasa nieleze palipouma.

Nyuma ya nyumba tulimjengea Baba chumba, mita 3.6 kwa 3, maana yuko peke yake Keko na goti lake halipandi daladala kama zamani. Nilitaka ahamie kabla ya Idi Kubwa. Jamvi la chumba hicho, yaani zege la sakafu, lilimwagwa mwezi wa pili. Fundi niliyepewa na duka alikuja mwezi wa nne, katikati ya masika, akakanyaga akasema pamekauka. Nikamuuliza kuhusu kupima. "Dada, ukiona zege limepauka, limekauka." Akatandika sponji nyeupe ya kulalia mbao, akapanga mbao siku moja na nusu, zikapendeza sana. Nilipiga picha nikamtumia kila mtu.

Mwishoni mwa mwezi wa tano niliingia na taa ya simu kutafuta herini, na ule mwanga wa ubavuni ukanionyesha kila ubao una bonde katikati na kingo zimeinuka. Chumba kizima kilikuwa kama mitumbwi iliyopangwa ufukweni. Duka likasema kosa la fundi, fundi akasema kosa la mbao. Baba alikuja na tindo, akang'oa ubao mmoja, akaniwekea kiganja changu upande wa chini. Ulikuwa wa baridi na umetoka weusi. Harufu ya udongo mbichi ikapanda. Chini ya jamvi hapakuwekwa nailoni, na juu ya jamvi hapakuwekwa nailoni. Zege lilikuwa bado linapumua maji, mbao zikayanywa kwa chini huku juu zikiwa kavu, upande wa chini ukapanuka kuliko wa juu. Nililia, siwafichi. Si kwa ajili ya pesa peke yake. Kile chumba nilikuwa nimeshakiona kichwani Baba yumo.

Baada ya hapo tukafanya mambo kwa kanuni yake. Unachukua nailoni nene inayopitisha mwanga, kipande cha nusu mita kwa nusu mita, unaibandika juu ya zege kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiingie hewa, unaiacha usiku kucha hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, au zege chini yake limekuwa jeusi kuliko jirani, hakuna sakafu ya mbao hapo kwa sasa. Ukikuta pakavu ni dalili njema, si hati ya mwisho, rudia sehemu nyingine, hasa karibu na ukuta wa nje na choo. Mafundi wengi wanahesabu kama mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa zege, kwa hiyo jamvi la sentimita 10 linataka miezi minne ya hali nzuri. Masika si hali nzuri.

Jamvi la sebule lilikuwa na miaka miwili, na nailoni ilitoka kavu mahali patatu. Tuliweka mwezi wa saba, kipupwe. Sebule ni mita 6 kwa 4.5, yaani 27 za mraba, ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuharibika unapata 29.7. Boksi moja lina mbao sita za mita 1.9 kwa sentimita 19, kama mita za mraba 2.17, hivyo maboksi 14. Nilinunua 15, moja liko chini ya kitanda changu na halitoki. Maboksi yalilala sebuleni siku tatu kabla ya kufunguliwa. Rula ya aluminiamu ya mita 2 ilipita sakafu nzima, palipozidi milimita 3 pakasawazishwa. Kisha nailoni, ikipishana sentimita 20 kwenye maungio na kubandikwa, kisha sponji, kisha mbao.

Baba alitaka zigundishwe moja kwa moja kwenye zege, anasema sakafu inayoelea, yaani iliyolazwa tu bila kugundishwa chini, inalia kama ngoma. Hapa nilimkatalia. Chumba cha nyuma kimenifundisha kutaka sakafu ninayoweza kuing'oa ubao kwa ubao, nikaukausha, nikaurudisha. Alikubali kwa sharti nafasi ya milimita 12 iachwe kuta zote, na akasimamia mwenyewe kwa vipande vya mbao alivyokata vyote kwa kipimo kimoja. Nafasi hiyo inafichwa na mbao za ukingoni. Tulifungua maboksi manne kwa wakati mmoja tukachanganya, ili vifundo vikubwa visikusanyike kona moja, na watoto walipewa kazi ya kutafuta ubao wa kuanzia. Ulichaguliwa wenye kifundo kinachofanana na jicho la samaki. Uko mlangoni.

Jikoni, vyooni na barazani ni vigae. Hapo sina maneno mengi.

Jambo lililoleta ubishi mrefu kuliko yote ni deki. Mama mkwe ni mtu wa Tanga, na kwake nyumba isiyomwagiwa ndoo ya maji asubuhi haijaamka. Wiki ya kwanza alisimama na ndoo mlangoni. Nilipiga goti, nikamshika mkono, "Mama, naomba hapa tufute kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoshi." Akaniangalia. Akauliza uchafu utatokaje. Tukafuta pamoja, kwa kufuata mistari ya mbao, maana ukifuta kwa kukatiza unasukumia vumbi kwenye nyuzi. Kitambaa kilipotoka cheusi aliridhika. Ufagio wa chelewa umebaki uani, ndani tunatumia ule laini, na kuna mkeka wa kufutia miguu nje na mwingine ndani, kwa sababu mchanga ndio msasa wa bure. Mwezi wa kumi mbuzi wa nazi alidondoka kwa mguu wake wa chuma. Kuna kishimo. Kiko karibu na kingine ambacho kilitoka nacho kiwandani.

Chumba cha nyuma bado kitupu. Nilimwambia Baba nitaagiza maboksi mengine kama ya sebuleni. Akasema hapana, chumba chake atakiweka mwenyewe, mninga, vipande vidogo vya kupangwa kama mfupa wa samaki kama alivyowahi kuweka kwenye nyumba za Upanga akiwa kijana, na vitapigwa randa mpaka vilainike kabisa. Mbao ameshaipata Buguruni na ameipanga kibandani kwa vijiti katikati ya kila safu, inakauka. Anaigeuza kila Ijumaa baada ya swala.

Juzi usiku nilibandika nailoni kwenye jamvi lake. Jana asubuhi, kabla ya zamu, nikaifunua kona moja kwa ukucha, kisha yote. Kavu. Nikampigia simu nikiwa bado nimechuchumaa.

"Umeweka wapi?"

"Katikati, Baba."

"Leo weka ukutani, upande wa bomba."